Mkasi, Gundi na Kitambaa Cheusi: Mazingaombwe Yalivyoingia Kwenye Sinema

Kichwa cha kwanza tunachokijua kukatwa kwa hila ya kamera kilikuwa cha mwanamume aliyevaa gauni. Ilikuwa Agosti 1895, huko West Orange, New Jersey, kwenye himaya ya Thomas Edison. Filamu yenyewe haifiki hata nusu dakika. Mary, malkia wa Scotland, anapiga magoti na kulaza shingo juu ya gogo. Mchinjaji anainua shoka, shoka linashuka, kichwa kinabingirika, naye anakiokota na kukiinua juu kila mtu akione. Malkia huyo aliigizwa na bwana mmoja aitwaye Robert Thomae. Shoka lilipofika juu kabisa, mwongozaji Alfred Clark aliwataka wote wasimame kama sanamu. Kamera ikasimamishwa, Thomae akaondoka zake, akalazwa mwanasesere mwenye gauni lilelile, kamera ikaendelea. Shoka likamshukia mwanasesere.

Mtoto wa leo mwenye simu ataangalia na kukuuliza, kwani hapo kuna nini? Yeye mwenyewe anaruka akiwa amevaa kanga, anatua akiwa amevaa suti, na anakitengeneza kitu hicho kwa dakika mbili akisubiri chai. Ana haki ya kuuliza. Hila ni ileile, na miaka 130 haijaibadilisha. Ila swali la kwa nini inafanya kazi si jepesi kama linavyoonekana, na kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuhusu ilivyogunduliwa kimeacha nusu ya habari nje.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukiushika ukanda wa filamu mkononi na kuunyanyua kwenye mwanga, hutaona kinachotembea. Utaona picha ndogondogo zilizoganda, moja chini ya nyingine, kila moja ikitofautiana kidogo na jirani yake. Enzi za kamera za kuzungusha kwa mkono zilipita kama 16 kwa sekunde. Kila ukanda unaposogea, kifuniko hupita mbele ya lenzi na kuziba mwanga, ili jicho lisione picha ikiburutwa. Kwa hiyo katikati ya kila picha mbili pana giza. Mtazamaji halioni. Ubongo wake unachukua picha ya kwanza na ya pili na kujisimulia kwamba mkono umesogea kutoka hapa hadi pale. Haujali kama giza lile lilidumu sehemu ndogo ya sekunde au nusu saa ya watu kunywa maji na kubadili nguo. Mazingaombwe yote ya sinema yamejificha ndani ya pengo hilo.

Mtu aliyelielewa pengo hilo mapema kuliko wengi hakuwa fundi wa kamera. Georges Méliès alizaliwa Paris mwaka 1861, mtoto wa tajiri wa viwanda vya viatu, na mwaka 1888 alinunua ukumbi wa mazingaombwe ulioitwa Théâtre Robert-Houdin. Kazi yake ilikuwa kupoteza watu mbele ya macho ya watu. Tarehe 28 Desemba 1895 alikuwa miongoni mwa walioalikwa Grand Café, pale Boulevard des Capucines, ndugu Lumière walipofungua onyesho lao la kulipia la picha zinazotembea. Kiingilio kilikuwa faranga moja, na usiku ule waliolipa walikuwa 33 tu. Kwa masimulizi yake mwenyewe, taa zilipozimwa ilitokea ukutani picha ya mtaa, imetulia tuli. Akamnong'oneza jirani yake kwamba wamesumbuliwa bure, picha za namna hiyo yeye ameonyesha miaka mingi. Kabla hajamaliza sentensi, farasi aliyekuwa kwenye picha akaanza kutembea.

Akaomba kuuziwa mtambo, akakataliwa. Mwaka uliofuata alipata projekta ya Robert W. Paul kutoka London, akaichokonoa mpaka ikawa kamera.

Sasa kinakuja kile kisa maarufu. Méliès alisimulia miaka kadhaa baadaye kwamba siku moja alikuwa akipiga picha za magari na wapita njia pale Place de l'Opéra, kamera ikakwama. Akahangaika nayo kama dakika moja, ikatoka, akaendelea kuzungusha. Alipoonyesha ukanda ule aliona basi la farasi limegeuka ghafla kuwa gari la kubebea maiti, na wanaume wamegeuka wanawake. Hapo, anasema, ndipo alipoipata siri.

Kisa kitamu, na mwenye kukisimulia alikuwa mtu wa mazingaombwe. Mimi hukipokea kama ninavyopokea simulizi za mganga kuhusu alivyooteshwa dawa, nasikiliza kwa heshima huku jicho moja likiwa kwenye mikono yake. Hata tukikikubali, kinaeleza wazo tu. Hakielezi ufundi, na ndiyo maana wengi wameondoka wakiamini kwamba kumpoteza mtu kwenye filamu ni kusimamisha kamera, basi.

Jaribu kufikiri kama mpiga picha wa wakati ule. Mkono wako unazungusha kishikio, na kwa kamera nyingi mzunguko mmoja ulipitisha picha nane. Ukiambiwa "simama", mkono hausimami kama umekatwa, unapunguza mwendo kwanza. Picha za mwisho zinapita taratibu, zinakula mwanga mwingi kuliko wenzake. Ukianza tena, zile za kwanza nazo zina kasoro ileile. Ukiuonyesha ukanda kama ulivyo, mtazamaji ataona kitu kama radi nyeupe pale pale ambapo hutaki ajue kuna kitu. Ongeza na mwigizaji aliyetikisika akisubiri, kofia iliyosogea, moshi uliokuwa unapaa na sasa haupo.

Watafiti walipokuja kuzichunguza kanda zenyewe za Méliès, walikuta alama za kuunganishwa mahali ambapo kila hila inatokea. Alisimamisha, ndiyo. Kisha akaenda mezani na mkasi, akazitupa picha zilizoharibika, akatafuta picha ambayo mkono wa mtu uko juu kiasi hiki na nyingine ambayo mkono wa mwenzake uko juu kiasi hichohicho, akazigandisha kwa gundi. Kilichoitwa hila ya kamera kilikuwa kazi ya mhariri, miaka mingi kabla cheo cha mhariri wa filamu hakijakuwepo. Wanaomlaumu Méliès kwamba hakujua kuhariri, kwa sababu kamera yake imekaa mahali pamoja kama mtazamaji wa kiti cha mbele, wamedanganywa naye. Alikata mara nyingi, ila alikata ili usione.

Angalia filamu yake ya mwaka 1896 ya kumpoteza bibi, aliyocheza na Jehanne d'Alcy. Hila hiyo ilikuwa maarufu jukwaani, ambako bibi alishukia kwenye mlango wa siri sakafuni. Ili kuwahakikishia watu kwamba hakuna mlango, mchezaji alitandika gazeti chini, akaweka kiti juu yake, akamketisha bibi, akamfunika kitambaa. Kwenye filamu Méliès hakuhitaji mlango wowote. Lakini gazeti analitandika vilevile! Anajitetea dhidi ya shutuma ambayo kamera imeshaifuta. Kisha anafanya kile ambacho jukwaa lisingemruhusu: bibi akishapotea, kwenye kiti kinatokea kiunzi cha mifupa. Ndani ya filamu ya dakika moja unaona sanaa moja ikivua gamba na kuingia nyingine.

Hila ya pili ina mantiki tofauti kabisa, na ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Ukanda wa filamu umepakwa kemikali yenye madini ya fedha, na kemikali hiyo hubadilika pale tu inapoguswa na mwanga. Mahali palipokuwa na weusi mbele ya kamera, mwanga haukufika, na kemikali haina habari kwamba kamera ilifunguliwa. Mahali hapo bado ni pabichi. Unaweza kurudisha ukanda nyuma gizani na kupiga picha nyingine papo hapo, na hiyo ya pili itakaa kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Kwa hiyo mwaka 1898 Méliès alitundika kitambaa cheusi nyuma yake, akasimama kati ya meza mbili, na akaking'oa kichwa chake. Akakiweka mezani. Kikaota kingine shingoni, akaking'oa nacho. Mpaka mwisho vichwa vitatu viko mezani vinapiga soga na kuimba, yeye akiwa na cha nne, na wanapomchosha anavipiga viwili kwa banjo. Kila kichwa ni Méliès huyohuyo aliyepigwa picha mara nyingine juu ya ukanda uleule, mwili ukiwa umefichwa kwa nguo nyeusi. Mwili usio na kichwa ni mwili uliofunikwa kichwa kwa weusi mbele ya weusi.

Mwaka 1900 alijizidisha mpaka akawa bendi ya watu saba, wote yeye, kila mmoja na ala yake. Hapo fikiria hesabu. Hakuna skrini ya kuangalia ulichokwisha kupiga. Unarudisha ukanda kwa kuhesabu mizunguko ya mkono, kisha unaigiza ukimtazama mtu asiyekuwepo, kwa mpigo wa kichwani mwako, ukikumbuka kwamba katika zamu ya tatu uligeuka kushoto ulipofika hesabu ya ishirini. Ukikosea zamu ya sita, hujakosea ya sita peke yake. Umeziharibu zote zilizotangulia, kwa sababu ziko kwenye ukanda mmoja. Unatupa, unaanza upya. Nikiona leo watu wanaita kazi hizo "za kitoto", huwa najiuliza kama wamewahi kuhesabu chochote huku wanacheza ngoma.

Halafu kuna vizuka, ambavyo ni mtoto wa ufundi huohuo aliyeachwa bila kitambaa. Ukipiga picha ya pili juu ya sehemu ambayo haikuwa nyeusi, tuseme ukuta wenye mwanga, picha zote mbili zitagombania mahali pamoja na mtu wako ataonekana kama moshi, ukuta ukipita mwilini mwake. Kosa hilo hilo ndilo lililowapa wapiga picha wa karne ya 19 biashara ya kuuza "picha za mizimu" kwa wafiwa. Huko Brighton, Uingereza, George Albert Smith, aliyewahi kuwa mtu wa majukwaani wa kuwalaza watu usingizi kwa maneno, alilitumia mwaka 1898 kuleta mzimu kwenye hadithi ya ndugu mapacha wa Corsica. Mwaka huohuo, katika filamu yake ya usiku wa Krismasi, watoto wamelala na kwenye kona ya picha linafunguka duara: ndani yake mgeni wa Krismasi yuko juu ya paa anatafuta bomba la moshi. Watoto wanapozimiwa taa, ukuta wa chumba unakuwa mweusi, na hapo ndipo duara linapata makao. Aliyekulia kwenye vibanda umiza akitazama marehemu akirudi kudai haki yake huku mlango unaonekana kupitia tumboni mwake, sasa anajua marehemu huyo ni wa ukoo gani.

Kitambaa cha kijani cha studio za leo ni mjukuu wa kitambaa cheusi. Rangi imebadilika na kompyuta imechukua nafasi ya kemikali, lakini ujumbe kwa mashine ni mmoja: hapa hesabu kwamba hapana kitu.

Kuna filamu ya Méliès ya mwaka 1901 ninayoipenda kuliko ile maarufu ya safari ya mwezini. Mwanasayansi anaweka mezani kichwa, ambacho ni cha kwake pia, anakiunganishia bomba na kuanza kukijaza upepo kwa mivukuto. Kichwa kinavimba, kinavimba, kinakuwa kikubwa kuliko mtu. Anafungulia upepo, kinanywea. Msaidizi mjinga anapopewa zamu anakijaza mpaka kinapasuka. Kukikuza, jibu rahisi lingekuwa kusogeza kamera. Lakini kamera ilikuwa mzigo mzito, na mtikisiko mdogo ungemfichua. Basi alisogea yeye. Alikaa kwenye kiti chenye magurudumu, mwili wote ndani ya weusi, akivutwa kwa kapi kuelekea kamera. Sasa tatizo: kitu kinachokaribia lenzi hakikui tu, kidevu nacho kinashuka kwenye picha, na hapo kichwa kingezama chini ya meza. Kwa hiyo reli ya kiti ilipandishwa mteremko, uliopimwa ili kadiri kichwa kinavyokua, shingo ibaki palepale juu ya meza. Na mtu wa kamera alilazimika kurekebisha lenzi muda wote ili sura isipotee ukungu. Sekunde chache za kuchekesha, na ndani yake kuna jiometri ya darasa zima.

Kazi hizi zilifanyika Montreuil, nje kidogo ya Paris, kwenye studio aliyoijenga mwaka 1897 kwa vioo, paa na kuta, kama banda la kuoteshea maua, kwa sababu taa ya uhakika ilikuwa jua. Mandhari zilichorwa kwa rangi ya kijivu cha viwango mbalimbali. Filamu ya wakati ule iliona nyekundu kama nyeusi na buluu kama nyeupe. Ukipaka rangi halisi hujui utavuna nini. Na usidhani kumbi zilikuwa kimya. Filamu zake zilionyeshwa na msimulizi aliyesimama kando ya pazia akieleza kinachotokea, kwa hiyo wapenzi wa Lufufu na DJ Afro wasione haya, sinema ilianza ikiwa na mtu wa kuikolezea maneno.

Kila hila ikishajulikana, watu huanza kuitumia kwenye mambo ya kweli. Mwaka 1898, meli ya kivita ya Marekani, Maine, ilipolipuka bandarini Havana, Méliès alionyesha wapiga mbizi wakifika kwenye mabaki yake chini ya bahari. Bahari ilikuwa tangi la samaki lililowekwa mbele ya lenzi; waigizaji walikuwa nyuma yake, wakavu. Mwaka 1902 akatengeneza kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba wa Uingereza kabla mfalme hajatawazwa. Sherehe ilipangwa Juni, mfalme akaugua kidole tumbo, ikasogezwa hadi Agosti 9. Filamu ilikuwa tayari inamsubiri.

Lakini huko Marekani ndiko hila ilikobadili tabia. Kwa Méliès, hila ndiyo iliyokuwa pambo la mbele: anainamia hadhira, anaonyesha mikono mitupu, kisha anakushangaza. Mwaka 1903 Edwin S. Porter, mtu wa Edison, alitengeneza filamu ya wizi wa treni. Majambazi wanamfunga karani wa simu za maandishi, na kupitia dirishani unaona treni inaingia kituoni. Treni haikuwepo. Chumba kilikuwa studio; sehemu ya dirisha iliachwa gizani wakati wa kupiga chumba, kisha treni ikapigwa peke yake ndani ya dirisha lile. Baadaye kidogo mfanyakazi wa treni anapigwa na kutupwa nje, naye katikati ya pigo ameshageuka mwanasesere, ndugu wa yule wa malkia Mary. Hakuna anayeinama kupokea makofi. Porter hataki ushangae, anataka uamini. Naona hapo ndipo zilipozaliwa efekti kama tunavyozijua sasa, ambazo zikifanikiwa hakuna anayezitaja.

Mwingine alilipanua pengo lenyewe. Mhispania Segundo de Chomón, akifanya kazi katika kampuni ya filamu ya Pathé huko Paris, alionyesha mwaka 1908 hoteli ya umeme ambamo mizigo inajifungua, viatu vinajipiga brashi na nywele za bibi zinajichana. Huko Marekani J. Stuart Blackton alikuwa ameshaonyesha mwaka mmoja kabla mkate unaojikata wenyewe. Hapa huachi pengo moja la nusu saa mahali pamoja. Unaweka pengo kila baada ya picha. Piga picha moja, sogeza brashi kidogo, ondoa mkono, piga nyingine. Mara 16 kwa sekunde moja ya filamu. Kutoka kwenye brashi ile kuna njia iliyonyooka hadi kwa King Kong, sokwe mkubwa wa Willis O'Brien mwaka 1933, mwenye manyoya yanayotikisika bila upepo kwa sababu vidole vya fundi viliyagusa kila alipomsogeza.

Filamu ya Méliès ya safari ya mwezini, Le Voyage dans la Lune ya mwaka 1902, ilikusanya karibu kila kitu nilichotaja ndani ya kama dakika 14. Nakala za bei ya juu zilipakwa rangi kwa mkono katika karakana ya Elisabeth Thuillier jijini Paris, iliyokuwa na wanawake zaidi ya 200. Kila mmoja alishika rangi moja, akaipaka kwa brashi nyembamba mahali pake kwenye picha, akampasia wa rangi inayofuata. Picha hizo ni zaidi ya 13,000, kila moja ndogo kuliko stempu ya barua. Huko Marekani watu wa Edison na wengineo walitengeneza nakala za wizi na kuziuza, mwenyewe asione senti. Uharamia wa kazi za filamu haukuanzia Kariakoo wala River Road.

Ladha za watu zikabadilika, madeni yakaja, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Ufaransa lilichukua shehena ya filamu zake na kuziyeyusha, na sehemu ya malighafi ile ikatumika kutengenezea visigino vya viatu. Mtoto wa tajiri wa viatu! Mwaka 1923 ukumbi wake ulibomolewa kupisha barabara, naye kwa uchungu akachoma moto negativi, yaani kanda mama za kutolea nakala, alizokuwa amebaki nazo Montreuil. Akaishia kuuza vitu vya kuchezea watoto kwenye kituo cha treni cha Montparnasse, pamoja na Jehanne d'Alcy, yule bibi aliyempoteza juu ya gazeti, ambaye sasa alikuwa mkewe. Waandishi wakamgundua tena, akapewa heshima zake, akafariki Januari 1938. Katika filamu zake zaidi ya 500, zilizookoka ni kama 200.

Nakala ya rangi ya safari ya mwezini ilidhaniwa imepotea moja kwa moja. Mwaka 1993 ikajitokeza Barcelona, lakini ukanda ulikuwa umegandamana na kuwa bonge moja gumu, picha zimeng'ang'ania migongo ya wenzake. Walioichukua waliilainisha kwa mvuke wa kemikali, wakazibandua picha na vipande vya picha kwa uvumilivu na kuzipiga picha upya kabla hazijavunjika. Palipokosekana kipande waliazima kutoka nakala nyeusi na nyeupe na kukipaka rangi kwa kompyuta. Kazi nzima, tangu kubandua hadi kuunga, ilichukua zaidi ya miaka kumi, na Mei 2011 ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes: roketi ikauchoma mwezi jichoni, na ule uso ukakunjamana kwa rangi.